Swingi si Bembea: Historia ya Baadhi ya Maneno ya Ukumbi wa Dansi

Miongoni mwa kazi zilizotufikia mezani katika miezi iliyopita ilikuwamo matini fupi juu ya historia ya dansi za Wamarekani Weusi, iliyokusudiwa walimu wa sanaa na wanafunzi wao. Ilionekana kuwa kazi nyepesi. Tuligawana kurasa, tukaimaliza kwa siku tatu, na rasimu ikapelekwa kwa mwalimu mmoja mzoefu aisome. Iliporudi, pambizoni mwa ukurasa wa kwanza palikuwa na swali moja tu: watu hawa walipanda bembea ndani ya ukumbi, au bembea ilikuwa nje?

Kosa lilikuwa letu. Jina la muziki na dansi ya swingi tulikuwa tumelifasiri kwa neno la kwanza linalopatikana katika kamusi, na kwa kuwa kamusi haikudanganya, hatukujishuku. Tulipoipitia rasimu upya tuliona kwamba bembea haikuwa peke yake. Palikuwa na "dansi za buluu", palikuwa na "mandhari ya dansi", palikuwa na "kona ya paka", na katika kila jozi ya wachezaji mmoja alikuwa "kiongozi" na mwenzake "mfuasi", kana kwamba wamekutana katika mkutano wa hadhara. Kila neno lilikuwa na haki yake kikamusi, lakini yote kwa jumla hayakumweleza msomaji jambo lo lote. Ndipo tulipolazimika kufanya lile ambalo ilitupasa kulianza, yaani kuisoma historia ya dansi yenyewe kabla ya kuyagusa maneno yake. Tunawaletea wasomaji sehemu ya yale tuliyoyaona, maana twaamini kwamba mfasiri wa mapishi, wa michezo au wa uvuvi hukutana na tatizo lile lile.

Mahali pa kuanzia ni Harlem, eneo la Wamarekani Weusi katika jiji la New York. Tarehe 12 Machi 1926 ulifunguliwa huko ukumbi wa Savoy, katika barabara ya Lenox, ukichukua urefu wote uliopo kati ya mtaa wa 140 na mtaa wa 141. Mwenye mali alikuwa Moe Gale, Mzungu. Meneja aliyeuendesha alikuwa Charles Buchanan, Mweusi. Ukumbi ulikuwa na majukwaa mawili ya bendi, ili bendi moja ikipumzika ya pili iendelee, na sakafu yake ya mbao ilikanyagwa hata ikabidi ibadilishwe kila baada ya miaka mitatu hivi. Yafaa kukumbuka hali ya nyakati zile. Katika Cotton Club, iliyokuwa Harlem humo humo, wapigaji na wachezaji walikuwa Weusi lakini wateja walioketi mezani walikuwa Wazungu. Savoy haikubagua mlangoni. Mwenye kiingilio aliingia, awe mpishi, dereva au mwigizaji mashuhuri wa sinema, na humo ndani alipimwa kwa miguu yake.

Mwaka 1943 wakuu wa jiji waliufunga ukumbi huo kwa miezi kadhaa kwa madai ya uvunjaji wa maadili. Watu wengi wa Harlem waliamini kwamba kilichowaudhi wakuu hao ni kuwaona Weusi na Wazungu wakicheza pamoja. (Wasomaji wa rika la wazazi wetu watakumbuka kwamba mwishoni mwa mwaka 1969 muziki wa soul, ambao nao ni wa Wamarekani Weusi, ulipigwa marufuku mjini Dar es Salaam kwa hoja za kulinda utamaduni. Dansi si jambo dogo machoni pa wenye mamlaka.)

Ndani ya Savoy ndimo ilimokomaa dansi iitwayo lindihopu. Wawili hushikana, mmoja humtoa mwenzake nje kwa mzunguko, wakawa wameunganishwa kwa mkono mmoja tu, na katika nafasi ile kila mmoja hucheza lake kwa hesabu ya muziki, kisha hurudiana. Kule kutoka na kurudi ndiko uti wa mgongo wa dansi yote. Dansi za jozi zilizotoka Ulaya zilikuwa zikiwataka wawili wabaki wameshikana. Hii iliwaacha waachane na kubuni, jambo ambalo mchezaji wa ngoma ye yote wa kwetu angelielewa bila kufundishwa.

Jina lake lina kisa. Mwezi Juni 1928 yalifanyika Harlem mashindano ya kucheza bila kukoma yaliyoendelea kwa siku nyingi. Yasimuliwa kwamba mchezaji mmoja wa Savoy, George Snowden, aliyeitwa "Shorty" kwa ufupi wake, aliulizwa na mwandishi wa habari hiyo miguu yake inafanya nini, naye akajibu papo hapo kwa kutaja jina la Lindy. Huyo Lindy ni Charles Lindbergh, rubani aliyevuka bahari ya Atlantiki peke yake mwezi Mei 1927, kutoka New York hadi Paris, kwa muda wa saa 33 na nusu hivi. Kisa hiki kimebishaniwa na wanahistoria, na yaelekea kwamba jina lilikuwa likizagaa mitaani kwa njia zaidi ya moja. Lililo muhimu kwetu ni kwamba jina lilitoka kinywani mwa wachezaji wenyewe, kwa mzaha na kwa majivuno, kama watu wetu walivyozipa khanga na mitindo ya nywele majina ya matukio ya siku zao.

Jina la pili halikutoka humo. Neno jitabagi, ambalo vitabu vingi hulitumia kana kwamba ni sawa na lindihopu, asili yake ni neno la kutetemeka, nalo lilihusishwa na mtetemeko wa mlevi. Kiongozi wa bendi Cab Calloway alilitia katika wimbo mwaka 1934. Baadaye magazeti yalilichukua na kulibandika juu ya vijana wote waliocheza kwa kasi, hasa vijana wa Kizungu, na wakati wa Vita Kuu ya Pili askari wa Marekani walilisafirisha hadi Uingereza na nchi nyingine za Ulaya. Wachezaji kadhaa wa Savoy hawakulipenda. Mfasiri anayeandika jitabagi palipoandikwa lindihopu, au kinyume chake, kwa kudhani kwamba anaepuka kurudia neno, anahamisha dansi kutoka kwa waliyoibuni na kuipeleka kwa waliyoitazama.

Huyu Calloway anastahili heshima ya pekee katika kurasa hizi, kwa kuwa alikuwa mwenzetu katika kazi. Mwaka 1938 alitoa kamusi ndogo ya lugha ya wanamuziki wa Harlem, ikachapishwa mara kadhaa katika miaka iliyofuata. Humo neno la Kiingereza la paka lamaanisha mpigaji wa bendi ya swingi. Hapo tuliielewa ile "kona ya paka" ya rasimu yetu: ilikuwa pembe moja ya ukumbi wa Savoy, karibu na jukwaa, iliyoachiwa wachezaji hodari tu, na mgeni aliyejitia humo bila ujuzi alitolewa haraka. Kiswahili kina neno tayari. Mtu aliyebobea katika jambo twamwita fundi, awe wa cherehani, wa kinanda au wa kusakata dansi. Tumeandika "kona ya mafundi", na paka tumemwacha aende zake.

Sasa turudi kwenye neno lililotuaibisha. Swingi ni neno moja lenye dhana tatu, na dhana hizo zilizaliwa kwa zamu. Ya kwanza ni sifa ya mwendo wa muziki: pigo moja likigawanywa mara mbili, sehemu ya kwanza hurefushwa na ya pili hufupishwa, na muziki ukapata msukumo unaomnyanyua msikilizaji. Duke Ellington aliliimbisha neno hilo kwa maana hii katika santuri aliyoirekodi mwaka 1932. Ya pili ni aina ya muziki: bendi kubwa zenye safu za tarumbeta na saksafoni, zilizotawala Marekani tangu katikati ya miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1940. Ya tatu ni ukoo wa dansi zilizochezwa kwa muziki huo, lindihopu ikiwa ya kwanza kati yake.

Tulijadiliana kwa muda mrefu kama dhana ya kwanza ingeweza kuitwa "kunoga", kwa kuwa Waswahili husema ngoma imenoga, na msikilizaji wa Harlem aliyesifu bendi alikuwa akisema jambo lililo karibu sana na hilo. Tuliliacha. Kunoga ni hukumu ya msikilizaji. Hata taarabu hunoga, hata mazungumzo. Swingi ni namna mahususi ya kuligawa pigo, na mwalimu wa muziki hana budi kuweza kusema kwamba bendi fulani ilipiga kwa swingi lakini haikunoga. Kwa hiyo twapendekeza "mwendo wa swingi" kwa dhana ya kwanza, "muziki wa swingi" kwa ya pili, na "dansi za swingi" kwa ya tatu. Neno la mkopo limebaki, na kazi ya kutofautisha imefanywa na Kiswahili.

Tofauti hii si uchambuzi wa bure. Vitabu vingi vinasema zama za swingi zilianza tarehe 21 Agosti 1935, siku Benny Goodman, Mzungu, alipopiga katika ukumbi wa Palomar, Los Angeles, akashangiliwa na vijana; magazeti yakampa cheo cha Mfalme wa Swingi. Kwa dhana ya pili, yaani aina ya muziki iliyoenea katika soko la nchi nzima, tarehe hiyo ina utetezi wake. Kwa dhana ya kwanza na ya tatu ni upuuzi, kwa kuwa mwendo wa swingi na dansi zake vilikuwapo Harlem tangu miaka mingi kabla. Tarehe 11 Mei 1937 Goodman alikuja Savoy kushindana na bendi ya wenyeji ya Chick Webb, mpiga ngoma mfupi mwenye kibyongo. Umati ulikuwa mkubwa, na kwa kauli ya wengi waliokuwapo Webb ndiye aliyeshinda. Webb alikufa mwaka 1939, na cheo cha mfalme hakikumfuata. Mfasiri akiandika tu kwamba "swingi ilianza mwaka 1935", amekwisha kuchukua upande katika mashindano yale bila kujua.

Neno la bluzi nalo lilitupa shida ya namna nyingine. "Dansi za buluu" lilifutwa bila mjadala. Lakini mwenzetu mmoja alipendekeza "dansi za majonzi", na pendekezo hilo lilikuwa na uzito, kwa sababu neno hilo katika Kiingereza lamaanisha unyonge wa moyo. Historia ndiyo iliyolikataa. Bluzi ilichezwa Jumamosi usiku, katika vibanda vya starehe vya mashambani kusini mwa Marekani, na mtu aliyevuna pamba juma zima hakwenda huko kuomboleza. Jina la Kiingereza la vibanda hivyo lenyewe lina historia ndefu: Lorenzo Dow Turner, Mmarekani Mweusi aliyekuwa mwanaisimu, katika utafiti wake wa mwaka 1949 juu ya maneno ya Kiafrika yaliyosalia katika lugha ya Kigulla ya pwani za South Carolina na Georgia, alilihusisha na lugha za Afrika Magharibi, lenye maana ya uovu au vurugu. Watu walipohamia kaskazini walizichukua dansi hizo. Huko Harlem kodi za nyumba zilikuwa kubwa, na mpangaji aliyekosa kodi aliondoa viti sebuleni, akamwita mpiga piano, akapika, akatoza kiingilio kidogo, na asubuhi kodi ikawa imepatikana. Sisi tunaojua harusi ya michango hatuhitaji maelezo marefu. Katika sebule ile finyu hapakuwa na nafasi ya kumtoa mwenzako nje kwa mzunguko; wawili walisogeana na kuburuta miguu polepole. Tumeandika "bluzi" tu. Tumeongeza tanbihi kwamba jina la jumla "dansi za bluzi" limepata nguvu baadaye, tangu miaka ya 1990, miongoni mwa watu waliozifufua; wachezaji wa zamani walizijua kila moja kwa jina lake.

Ufufuo huo wahitaji maneno machache. Bendi kubwa zilififia baada ya vita, Savoy ikafungwa mwaka 1958, ikabomolewa kupisha nyumba za kupanga. Frankie Manning, aliyezaliwa mwaka 1914, ambaye mwaka 1935 hivi alibuni hatua ya hewani, yaani kumrusha mwenzake mgongoni na kumshusha kwa pigo la muziki, aliingia kazini posta mwaka 1955 na kufanya kazi huko kwa miaka 30 hivi. Wachezaji vijana kutoka California walimtafuta katika miaka ya 1980, wakamkuta, akaanza kufundisha. Wasweden nao walikuwa wamemwalika New York mwenzake wa zamani, Al Minns, awafundishe Stockholm mwaka 1984; na katika kijiji cha Herräng, Sweden, kambi ya dansi iliyoanza mwaka 1982 ikawa mahali pa kukutania watu wa mataifa mengi. Manning alifundisha hadi alipofariki mwaka 2009. Norma Miller, aliyekuwa binti mdogo wakati wa fahari ya Savoy, alifariki mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka 99.

Ni katika ulimwengu huu wa waliofufua ndipo palipotoka yale maneno mawili ya kuongoza na kufuata. Leo huko si lazima anayeongoza awe mwanamume. Watu hujifunza nafasi zote mbili na kubadilishana. Hivyo "mwanamume" na "mwanamke" hayafai tena kuwa istilahi. Lakini "kiongozi" kwetu ana ofisi, na "mfuasi" ana chama au mtume. Kibaya zaidi, mfuasi hana la kwake, ilhali katika lindihopu anayetolewa nje ndiye mwenye nafasi kubwa ya kubuni. Tumechagua "mwongozaji" na "mwitikiaji". Kuitikia ni tendo la mtu mwenye sauti yake: mmoja huimba, wengine huitikia, na bila kiitikio wimbo haujakamilika. Nao wanamuziki wa Harlem walijenga muziki wao wote juu ya wito na kiitikio, tarumbeta zikiuliza na saksafoni zikijibu. Hatukulitafuta neno hili mbali.

"Mandhari ya dansi" ilikuwa kosa la kuchekesha, maana msomaji hutazamia milima. Kinachotajwa ni watu, yaani wale wanaojuana kwa sababu huenda kucheza pahala pamoja. "Wanadansi" yatosha. Kwa dansi inayochezwa na watu kwa kujifurahisha, isiyo ya jukwaani wala ya mashindano, rasimu ilisema "dansi ya kijamii", jambo linalomfanya mtumishi wa serikali afikirie idara ya ustawi. Hapa twaona kwamba Kiswahili hakihitaji kivumishi cho chote. Mtu akisema aenda dansi, hakuna amwulizaye kama ni ya jukwaani. Zinazohitaji sifa ni zile nyingine: dansi ya jukwaani, dansi ya mashindano.

Lakini neno dansi lenyewe lina mipaka yake katika lugha yetu, nayo isisahauliwe. Ngoma ni chombo, ni mchezo, na ni shughuli nzima. Beni, neno lililotoka katika Kiingereza kwa maana ya bendi, lilikuwa ngoma ya mashindano ya vyama vya mijini, ambayo Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975. Dansi ilikuja na ukumbi, kiingilio, ala za kisasa na watu wawili wawili. Pamoja nayo likaja neno jazi, na hapa mfasiri ajihadhari mara mbili. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, na NUTA Jazz iliyoundwa mwaka 1964, kama OK Jazz ya Kongo iliyoundwa mwaka 1956, hazikupiga jazi ya Harlem. Zilipiga muziki wa dansi uliochota sana katika rumba, na neno jazi kwao lilimaanisha bendi ya kisasa yenye magitaa na saksafoni. Anayefasiri habari za bendi hizo kwenda Kiingereza na kuziita bendi za jazi bila maelezo amerudia kosa letu la bembea kwa upande wa pili.

Limebaki jambo moja ambalo hatujakubaliana. Neno la Kiingereza lililomo katika jina la lindihopu lamaanisha kuruka kidogo kwa mguu, na ndilo walilolitumia kwa mzaha kuhusu safari ya rubani yule. Kiswahili, kwa bahati njema, hutumia kitenzi kimoja kwa mchezaji na kwa ndege: wote huruka. Wenzetu wawili wanataka "mruko wa Lindy", kwa kuwa mzaha wote wa mwaka 1928 umo ndani yake mzima. Wengine wanashikilia "lindihopu", kwa hoja kwamba jina la dansi, kama rumba au chacha, halifasiriwi. Wakati huo huo mwalimu yule yule aliyetuuliza habari za bembea ametuandikia tena. Yeye ni mtu wa kusini mwa Tanzania, naye asema wanafunzi wake wote, bila kubakiza hata mmoja, watadhani dansi hii ilitoka mjini Lindi. Wasomaji wenye maoni watuandikie kabla matini haijakwenda mitamboni.